Kupima Upotevu wa Nuru katika Kebo ya Nyuzi za Kioo

Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba mwali ulio ndani ya kioo, ukiugonga mpaka wake kwa mlazo wa kutosha, hautoki nje bali huakisiwa wote ndani. Kwa kanuni hiyo kebo za nyuzi za kioo huchukua simu na intaneti, mathalani ile ya SEACOM iliyofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009.

Hata hivyo, hakuna kioo kisichopoteza nuru. Upotevu hupimwa kwa desibeli: nuru ikipungua hadi nusu, umepotea takriban desibeli 3, ikibaki sehemu moja ya kumi, zimepotea desibeli 10.

Vyombo vinavyohitajika ni viwili: chanzo cha nuru na mita ya kupimia nguvu yake. Utaratibu ni huu:

1. Safisha ncha zote. Kiini cha uzi wa masafa marefu kina upana wa maikromita 9 hivi, kwa hiyo punje moja ya vumbi yatosha kukiziba.

2. Washa vyombo, ungoje dakika chache nuru itulie. Chagua urefu mmoja wa wimbi katika vyote viwili, kwa mfano nanomita 1310.

3. Unganisha chanzo na mita kwa uzi mfupi wa majaribio, kisha uifanye mita isome 0.

4. Chomoa uzi huo upande wa mita tu. Ukiuchomoa kwenye chanzo, kiasi cha nuru kiingiacho chaweza kubadilika, na sifuri yako haina maana tena.

5. Unga kebo kwenye uzi huo, na mwisho wake kwenye mita kwa uzi mfupi wa pili. Sasa soma upotevu.

Tuchukue mfano wa kebo ya kilomita 10. Tukiruhusu desibeli 0.4 kwa kila kilomita, 0.75 kwa kila kiunganishi cha mwisho, na 0.3 kwa kila ungio kati ya maungio mawili ya njiani, jumla ni 4 + 1.5 + 0.6 = 6.1. Mita ikisoma 5.2, kebo ni nzima. Ikisoma 9, usikimbilie kufukua: safisha ncha, weka sifuri upya, upime tena. Ni hasara kuchimba barabara kwa kosa la vumbi.

Tahadhari: nuru hii haionekani kwa macho, lakini yaweza kuyadhuru. Usichungulie kamwe ndani ya ncha ya uzi.

Zoezi: Chombo kingine hutafuta mahali palipokatika kwa kupeleka mpigo wa nuru na kungoja mwangwi wake. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.0001, na nuru katika kioo ikienda kilomita 200,000 kwa sekunde, kebo imekatika umbali gani? (Jibu: kilomita 10, kwa kuwa nuru imekwenda na kurudi.)