Kihamba, Shamba na Kiwanja: Msamiati na Hifadhi ya Urithi Moshi

1.0 Utangulizi
Mijadala ya hifadhi ya urithi mijini huelekea zaidi kwenye majengo. Katika Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, hata hivyo, urithi mkongwe ni ardhi iliyopandwa na maji yaliyoelekezwa. Makala hii inadai kwamba urithi huo huanza kupotea katika msamiati kabla ya kupotea ardhini.

2.0 Jina lililohama
Moshi ya awali ilikuwa mlimani, makao ya Mangi Rindi na mwanawe Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Reli ya kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, jina liliteremka pamoja na biashara. Makao yale ya kwanza leo huitwa Old Moshi.

3.0 Maneno na dhana
Kwa Wachaga, kihamba si shamba. Kihamba ni ardhi ya ukoo iliyozunguka nyumba: migomba, kahawa chini ya miti, mifugo zizini, makaburi ya wazee na mpaka wa masale. Shamba liko chini, tambarare, la mahindi na maharage. Vivyo hivyo, mfereji ni njia ya maji tu, ilhali mfongo hubeba pia kumbukumbu ya waliouchimba, zamu za kumwagilia na wajibu wa kuuzibua.

Mji unapopanda mlimani, kihamba hugeuka kiwanja, neno linalopima urefu na upana bila kuuliza nani amezikwa pale wala maji yanapita wapi. Msingi wa nyumba moja ukikatiza mfongo, vihamba vya chini hukauka.

4.0 Hitimisho
Orodha ya Urithi wa Dunia iliingiza Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 1987. Vihamba vilibaki nje ya mipaka yake. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo wa kilimo wa Shimbwe Juu, nao ukaorodheshwa kwa jina lake lenyewe la kihamba. Mfano huo ufuatwe. Iwapo mbege limezoeleka kwa wasemaji wa Kiswahili nchini, kihamba na mfongo nayo yanastahili fasili kamili katika kamusi na alama katika ramani za mipango miji. Kamusi haizuii ujenzi. Lakini mpimaji asiye na neno mfongo atauchora kama mtaro, na mtaro ni rahisi kufukiwa.