Jinsi ya Kuunganisha Spika Isiyo na Waya na Televisheni Nyumbani

Katika likizo iliyopita nilipata somo ambalo sikufundishwa darasani, tena nikalilipia kwa fedha zangu. Nimeona vema niwaelezeni, ili mwingine asije akalipa kama nilivyolipa mimi.

Nyumbani kwetu ni Bwera, si mbali na mpaka wa Mpondwe. Bibi yangu anakaa nasi. Masikio yake yamekuwa mazito, lakini taarifa ya habari haachi kuisikiliza, hasa wakati wa mvua. Ana ndugu zake Kilembe, na tangu mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020, ukaharibu nyumba nyingi pamoja na hospitali ya huko, wingu zito likionekana juu ya Ruwenzori yeye husogeza kiti mbele ya televisheni. Ili apate kusikia ilitubidi tufungulie sauti mpaka mwisho. Watoto hawakulala, na majirani walinung'unika. Basi nikamwambia, "Bibi, nitakuletea sauti mpaka hapo ulipokaa."

Tulikuwa na spika ndogo ya Bluetooth, ile ambayo watu huipigia muziki kwa simu. Nikachukua shilingi 30,000 nilizopata kwa kibarua cha kuchuma kahawa, nikapanda taksi mpaka Kasese mjini, nikanunua chombo kidogo cha Bluetooth. Niliporudi nikakichomeka katika televisheni. Kimya! Nikahangaika mpaka usiku. Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo sauti iko njiani bado?" Niliona haya sana.

Kumbe nilinunua chombo cha kupokea sauti badala ya chombo cha kurusha. Kosa halikuwa la muuzaji. Nilimwomba Bluetooth, naye akanipa Bluetooth. Fikirini hivi: spika ni sikio, na televisheni inatakiwa kuwa mdomo. Mimi nilileta sikio la pili, na masikio mawili hayawezi kuzungumza.

Bluetooth ni nini? Ni mawimbi ya redio, ila ni ya karibu na ya kasi sana, yanayotikisika zaidi ya mara 2,400,000,000 katika sekunde moja. Jina lake limetokana na Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayekumbukwa kwa kuunganisha watu. Vyombo viwili vinavyozungumza kwa Bluetooth huruka pamoja kutoka njia moja ya mawimbi hadi nyingine, mara 1,600 kwa sekunde, katika njia 79. Kwa hiyo ni lazima kwanza vijulishane na kupatana jinsi ya kuruka. Visipopatana, havisikilizani.

Sasa tufuate kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Kwanza, kabla ya kutoa fedha, chunguza televisheni yako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama ni ya kisasa, chukua rimoti, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya sauti, utazame kama kuna neno Bluetooth. Lakini angalia: televisheni nyingine zina Bluetooth ya rimoti tu, wala hazirushi sauti.

Pili, kama Bluetooth ya sauti ipo, washa spika na ushikilie kitufe chake cha Bluetooth mpaka taa imetemete. Zima kwanza Bluetooth ya simu zote za nyumbani, maana spika hukimbilia rafiki inayemjua. Kisha iambie televisheni itafute, na jina la spika likionekana, lichague.

Tatu, kama haipo, tafuta tundu la kutoa sauti nyuma au ubavuni mwa televisheni. Huenda ukakuta tundu dogo la mviringo la kusikilizia kwa masikio, au matundu mawili, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa OUT. Yaliyoandikwa IN hayafai, maana hayo ni ya kuingiza. Kama yote hayapo, tazama dekoda, kwani nyingi zina matundu hayo mekundu na meupe. Televisheni nyingine zina tundu la kutoa sauti kwa mwanga. Ukilitumia hilo, katika mipangilio ya sauti chagua PCM.

Nne, sasa ndipo uende dukani. Omba chombo cha kurusha sauti, na usome herufi zake: TX ni kurusha, RX ni kupokea. Viko vyenye herufi zote mbili na swichi ya kuchagua. Hakikisha pia kwamba waya wake unaingia katika tundu ulilokuwa nalo nyumbani.

Tano, weka spika ndani ya meta 10, mahali ambapo hapana ukuta mnene wala bati katikati. Mwili wa mtu nao una maji mengi, na maji huyanyonya mawimbi haya. Ndiyo sababu siku ya mpira, chumba kikijaa watu, sauti huweza kukatikakatika.

Liko jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Sauti ya Bluetooth huchelewa, mara nyingi karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Ninyi mliopanda milima yetu mmepata kumwona mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde: shoka linatua, kisha ndipo mlio unafika. Sauti hewani huenda kama meta 340 kwa sekunde, basi kuchelewa huko ni kama kumtazama mpasua kuni aliye meta 68 mbali nawe. Mdomo wa msomaji wa habari utafumba, na neno litakuja nyuma yake. Kwa habari jambo hili linavumilika, kwa mchezo wa kuigiza linachosha. Viko vyombo vinavyopunguza sana kuchelewa, lakini ni lazima mrushaji na spika viwe vya namna moja.

Kwa hiyo nawashauri, kama spika yako ina tundu la waya na kiti hakiko mbali, nunua waya tu. Bei yake ni ndogo, nao hauchelewi. Tena nawaombeni sana, msifungue mgongo wa televisheni kutafuta mahali pa kuunga nyaya. Ndani yake umeme mkali huweza kubaki hata baada ya kuichomoa ukutani.

Sisi tulinunua mrushaji mara ya pili, kwa fedha zilizobaki na nyingine alizoniongezea mama, tukakiunga katika dekoda. Mwanzoni tuliacha televisheni nayo iseme, tukasikia kila neno mara mbili kama mwangwi wa bondeni. Basi tukaizima sauti ya televisheni, spika ikawekwa juu ya kigoda kando ya bibi, na sisi wengine tunasikiliza hapo hapo. Watoto wanalala. Juzi mvua iliponyesha alisikia habari yote mwenyewe, ndipo akatutuma tupige simu Kilembe.

Kama yuko mwenzetu, au mzee mwenye kuifahamu kazi hii kuliko mimi, aliyepata njia ya kuondoa kuchelewa kwa gharama ndogo, tafadhali atuandikie katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa S. 6