SOMO LA KAZI ZA MIKONO: TANGAZO LA KUSIMAMA MEZANI



Hapa kambini meza yenye daftari na kalamu haikosi foleni. Mama zetu wa kufuma vitambaa wakiketi tu, watu hufika na kadi za mgao mkononi wakidhani ni uandikishaji, na mwingine ameacha ndoo yake bombani ili asipitwe. Basi tangazo la kikundi lina kazi mbili: kumwita anayependa kufuma, na kumwachilia mapema aliyefuata jambo lingine.

Tunachukua karatasi ya A4, upana sentimita 21, urefu 29.7. Tukianzia juu tunapima 10.5, tena 10.5, kisha 7. Inabaki 1.7 ya kupaka gundi. Vipande viwili vya kwanza ni nyuso, cha tatu ni kitako, na ule ukingo unabandikwa ndani ya uso wa kwanza, chini. Linasimama kama paa la nyumba. Ndani tunaweka jiwe, maana upepo wa kiangazi hauna adabu.

Hapa ndipo wengi hupotea: uso ulio juu ya karatasi uchapwe kichwa chini, na wa pili uchapwe wima. Mkunjo ulio kati ya nyuso hizo mbili ndio kilele, kwa hiyo vichwa vya maneno yote vielekee huko. Kabla ya kupeleka kazi kwenye mashine, tukunje karatasi chakavu na kuandika kwa mkono. Fotokopi ni pesa.

Maneno yawe machache. Herufi kubwa zenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa mtu aliye mita 3, lakini kwa upana wetu haziingii zaidi ya kumi hivi. UFUMAJI linatosha. Chini yake, kwa herufi za milimita 8, siku na saa, halafu: "Hapa si mahali pa kujiandikisha." Mstari huu wengine wanauona mkali. Sisi tunaona ni ukarimu kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Uso wa pili unaweza kubeba maneno hayo kwa Kirundi au Kifaransa, kulingana na majirani.

Picha ya ua nyuma ya maandishi tuiache. Kwenye fotokopi hugeuka doa la kijivu. Majina ya wanakikundi na namba za nyumba zao yasiwekwe kabisa, kwani meza iko njiani na kila apitaye anasoma.

Karatasi ya kawaida hulegea. Manila ni bora, ila mashine nyingine huikwamisha. Hapo tunachapa kwenye karatasi nyepesi na kuibandika juu ya katoni ya sabuni. Kabla ya kukunja, tunapitisha rula na kalamu iliyokwisha wino kwenye kila mstari, tukikandamiza bila kukata. Gundi ikikosekana, uji mzito wa unga wa muhogo unashika. Tuuache ukauke usiku kucha, mbali na panya.