Mtani Hanuniwi, Mdogo Wangu

Haya, sogea karibu tuzungumze, maana sura zenu za Jumatatu zimenichosha. Timu ikishinda hatulali: honi za bodaboda hapa Tabora kutoka Isevya mpaka Kitete, na mtu anamkumbatia hata jirani ambaye hawajasalimiana tangu Idi. Ikifungwa, mtu huyohuyo anaingia ndani bila hodi, anasukuma sahani pembeni, watoto wanafokewa kwa kupumua tu, na mama watoto anaulizwa mbona mboga ina chumvi nyingi. Mboga ni ileile uliyoisifu juzi, mdogo wangu. Kilichoharibika ni dakika za nyongeza.

Sikucheki. Kupenda timu si ujinga, na anayekuambia "ni mpira tu" ananikera hata mimi. Yanga ipo tangu 1935, Simba tangu 1936. Wengi wenu hamkuchagua, mlikuta redio imewashwa na baba ameshika tama, mkashika tama naye. Kitu ulichopewa na mzazi huwezi kukivua kama shati. Ninachokugombeza mimi si mapenzi, ni namna unavyoyabeba mpaka yakuangushe wewe na walio chini yako.

Wako wanaoniuliza, tena kwa aibu, kuhusu tarehe 7 Novemba 2024. Unaikumbuka. Nyuki wa Tabora, yaani Tabora United, walikwenda mpaka Chamazi wakamfunga Yanga 3-1, Offen Chikola peke yake akaweka mawili. Sasa mtu kazaliwa Cheyo, kila siku anapita mbele ya Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ila jezi iliyoko kabatini ni ya kijani na njano. Afurahi au alie? Nasikia wapo waliocheka barazani na kulia chumbani. Wengine wakaitwa wasaliti na pande zote mbili, maskini, wakashindwa hata kwenda kijiweni kunywa kahawa.

Sikiliza. Ruhusa unayo ya kufanya yote mawili. Moyo wa mtu una vyumba, na hakuna hakimu atakayekuja kukuuliza ulikaa chumba gani jioni ile. Lakini kususa kula siku mbili, hapo nakataa. Kocha wa Yanga, Gamondi, alipoteza kazi siku chache baada ya mechi ile, yeye ambaye mkate wake ulikuwa pale. Alifungasha, akaondoka, na mwaka uliofuata akarudi nchini kuifundisha Singida Black Stars. Mwenye msiba amemaliza matanga, wewe wa pembeni bado umejifunika shuka.

Halafu mnasahau haraka! Timu hiyohiyo ya kwetu, Agosti 2023, ilianza ligi kwa Azam ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani kwa matatizo ya usajili. Ikafungwa manne, wawili wakaumia, wakabaki pungufu ya wanaotakiwa na sheria, mwamuzi akamaliza mchezo. Watu walizima simu kwa fedheha. Msimu ukaisha wakiponea kwenye mchujo na Biashara United ya Mara. Miezi michache baadaye ndiyo wakamwangusha bingwa kwake. Na jina lenyewe limebadilika, kutoka Kitayosce hadi Tabora United, na mwaka 2025 ikawa TRA United. Ungekuwa umejiapiza kuzama na timu ile Agosti ile, ungekosa utamu wa Novemba. Mpanda ngazi hushuka, na aliyeshuka naye hajafungiwa ngazi.

Nirudi kwenye hasira, maana huko ndiko mnakoniumiza. Mke Simba, mume Yanga, nyumba moja, runinga moja. Wiki ya dabi wanapeana chumvi kwa kupitia mtoto. Jamani! Asiyekubali kushindwa si mshindani, hilo mlifundishwa shuleni. Sisi wa njia hii ya misafara tuna la zaidi. Wazee wetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani, wakipita nchi za watu, na ndiko utani wao na Wazaramo ulikokomaa. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anabeba kuku wako akiwa amekuangalia usoni, nawe huruhusiwi kukasirika. Ila siku ya msiba ndiye anayefika mapema, anashika jembe, anawachekesha waliofiwa mpaka wanakula. Haki ya kukucheka inakuja na kazi ya kukuzika.

Leo Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, lakini mmechukua matusi mkaacha jembe. Unamwita mwenzako kolo au utopolo mwaka mzima, na mwanawe akilazwa hospitali ya Kitete hujui hata wodi. Huo si utani tena, mdogo wangu, huo ni ugomvi umevaa jezi.

Na mikeka. Nilitaka kupita kimya, nimeshindwa. Fedha za tumbaku zikilipwa, wapo wanaotoka kwenye chama cha msingi moja kwa moja kubeti, eti Simba, Mnyama, hawezi kufungwa nyumbani. Timu haijui kwamba una mkeka. Haijui kwamba ile ilikuwa ada ya mtoto. Ukishaweka fedha, hata furaha ya bao inaondoka, unabaki kuhesabu dakika na jasho linakutoka. Shabiki aliyefungwa analala na huzuni, asubuhi ana stori. Aliyefungwa na mkeka juu anaamka na deni, na ana kazi ya kumdanganya mwenzake wa ndani. Uongo huo nao una riba.

Kama presha unayo, tena daktari ameshakuambia, mechi ya fainali kaa nje, usikilize kelele za majirani. Matokeo utayajua tu, Tabora hii hakuna siri ya mpira. Kama machozi yamekujia, lia. Mwanamume kulia kwa sababu ya penalti si aibu mbele yangu. Ila lieni kwa zamu, wa Simba na wa Yanga, ili abaki mmoja wa kupika.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, pitia kwa yule mtani wako uliyemkwepa tangu Jumamosi. Mwache akucheke mpaka aishiwe pumzi. Akinyamaza, mwulize mama yake anaendeleaje, kisha mdai ile elfu kumi aliyokukopa kabla ya mechi.