Kutu Imebeba Nini?

Hapa Makadara, Mombasa, mgao ukiisha na maji kurudi mferejini, yale ya kwanza huja mekundu. Tunayamwaga kwa sababu ya kutu. Kutu haidhuru sana. Cha kuuliza ni imebeba nini.

Tuanze na atomu. Metali ikikaa kwenye maji yenye oksijeni, atomu zake hupoteza elektroni, na oksijeni huzichukua. Atomu iliyopoteza elektroni hubaki na chaji, ikabanduka na kuingia majini. Ndivyo bomba linavyoliwa. Chumvi huharakisha: kloridi husafirisha chaji na kuvunja utando unaolinda metali. Kwa hiyo kisima cha maji ya chumvi kikiungwa kwenye bomba kuukuu, bomba hilo halidumu.

Mabomba ya chuma ya zamani yalipakwa zinki, nayo huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Lakini zinki hiyo mara nyingi ilikuwa na risasi, metali yenye sumu, ndani yake, pengine kama asilimia 1. Risasi huweza kuwamo pia kwenye koki za shaba na viungo vya kulehemu. Zinki ikiisha, sehemu ya risasi huyeyuka. Nyingine hunaswa na kutu ikakaa miaka, mpaka msukumo wa maji yanayorudi uibandue.

Mwaka 2014 mji wa Flint, Marekani, ulianza kunywa maji ya mto wake. Yalikuwa na kloridi zaidi kuliko ya awali, na dawa ya kukinga mabomba haikutiwa. Mabomba ni yale yale, ila risasi ilifika vikombeni mwa watoto.

Sisi Mombasa tumeionja sumu hii katika mtaa wa Owino Uhuru, ingawa kule ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Njia yoyote iingiayo, mwili huidhania kalisi, ukaiweka mifupani na kuipitisha hadi kwenye ubongo wa mtoto. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita ya maji, na shirika lenyewe linakiri hakuna kiasi kilicho salama.

Endelea kuchemsha maji, maana kipindupindu kipo. Ila risasi haitoki na mvuke: maji hupungua, yenyewe inabaki sufuriani.

Risasi majini haina rangi wala ladha, hivyo ni maabara tu inayoweza kuitambua. Jaza chupa moja alfajiri kabla mfereji haujafunguliwa na mtu, kisha ya pili maji yakishatiririka dakika chache (ya katikati yakinge kwa ndoo, yaoshe sakafu). Risasi ikizidi katika ya kwanza, chanzo huenda ni mabomba au koki za nyumba yako. Chupa zote mbili zikiwa na risasi nyingi kwa kulingana, huenda tatizo liko nje ya ukuta.