Somo la Kuchora: Jina Lililoandikwa Tumboni

Wanafunzi kadha wa Kidato cha Tatu wameniuliza kama kuchora katuni ni kazi au ni mchezo tu. Nimeona yafaa nijibu kwa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa mbali. Joseph Keppler, mzaliwa wa Austria, alianza mwaka 1876 kutoa mjini New York gazeti la kuchekesha liitwalo Puck, kwanza kwa Kijerumani, na mwaka uliofuata kwa Kiingereza. Mwaka 1889 alichora Seneti ya Marekani. Maseneta wamekaa, wadogo kama watoto. Nyuma yao wamesimama mabwana wakubwa ambao matumbo yao ni mifuko ya fedha, na kila tumbo lina jina la biashara: mafuta, shaba, sukari. Mlango wa matajiri u wazi. Mlango wa raia umefungwa.

Yafuteni yale maandishi. Wanabaki watu wanene tu, nasi twacheka na kusahau. Ni majina yale yaliyogeuza kicheko kuwa mashtaka.

Wa pili ni wa kwetu. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kama Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alikuwa akisomea usanifu wa majengo katika Chuo cha Ardhi, akaacha mwaka 1992 na kwenda Nairobi kuchora katika magazeti ya Nation. Mwaka 2015, katika The EastAfrican, alimchora Rais Kikwete amejilaza, akihudumiwa na wanawake waliopewa majina ya maovu ya utawala. Mwaka huo serikali yetu ililizuia gazeti hilo, ikisema halikusajiliwa nchini. Mwaka 2016 mkataba wa Gado haukuendelezwa. Mwaka huo huo akatunukiwa tuzo huko Geneva. Mimi nadhani si sura iliyochoma, maana wakubwa wamezoea kuchorwa pua kubwa. Yalichoma yale majina.

Sasa kazi ya likizo. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa twaijua kangomba: mzazi hana fedha ya sare, mnunuzi huja na kibakuli chake na kuzichukua korosho zingali mtini, kwa bei aitakayo yeye. Ichoreni. Msimchore jirani yenu. Choreni kibakuli chenyewe, mkipe tumbo na miguu, kisha mwandike juu yake neno moja tu. Mkilipata neno ambalo mkono wasita kuliandika, leteni hilo hilo.

Tumieni wino mweusi, bila rangi. Nitazipokea juma la kwanza la muhula.