Nilizifuta, Wamezitoa Wapi?

Mwalimu mmoja wa Keko Magurumbasi, Temeke, ameniandikia. Aliacha kazi katika shule binafsi, akadai malimbikizo ya mshahara, na siku ya usuluhishi mwajiri akaja na bahasha. Ndani mna barua pepe alizokuwa akiandikiana na daktari wake kwa anwani ya shule. "Nilizifuta zote kabla sijaondoka," anasema. "Wamezitoa wapi?"

Dada yangu, ulifuta kwako. Seva ya shule hutoa nakala rudufu kila usiku, ndiyo hiyo bakapu, na ulichokifuta Jumatano kilishahifadhiwa tangu Jumanne. Kutunza nakala si kosa. Umeme wa kwetu ukikatika na kurudi kwa kishindo, ndizo zinazookoa alama za mitihani na hesabu za ada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inamtaka mkusanyaji wa taarifa ahakikishe hazipotei.

Shida ni lile neno lao, "seva ni yetu." Ni yenu, sawa. Mwenye nyumba naye nyumba ni yake, mbona hapekui sanduku la mpangaji? Sheria inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa na zisikae kupita muda wa lengo hilo. Nakala ya kuokoa mashine haikuwekwa ili fundi wa kompyuta, kwa kutumwa au kwa elfu kumi ya soda, amfukulie mtu magonjwa yake.

Watakuonyesha fomu uliyosaini siku ya kwanza, ile isiyosomwa na mtu. Isikutishe. Habari za afya ni taarifa nyeti. Zinahitaji ridhaa yako ya maandishi, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa. Watasema pia sheria inawaruhusu kujitetea kwenye madai. Inawaruhusu kwa kilicho lazima. Barua pepe za daktari zinajibu nini kuhusu mshahara ambao hawakulipa?

Waandikie: mna nini changu, mnakitunza kwa nini, nani alikifungua? Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na uulize kama shule hiyo imesajiliwa huko kama sheria inavyotaka. Mtu anayetoa taarifa za wengine kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Ila sheria zetu zenyewe zinapishana. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kudai data kwa amri yake, bila hakimu kuiona. Jamii Forums, lile jukwaa la mtandaoni, waligoma kuwapa polisi taarifa za watumiaji wao, na Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, akakamatwa. Mkuu wa shule gani hapa Temeke ana kifua hicho? Kwa hiyo kwenye barua yako ongeza ombi moja: vyote visivyo na kazi tena vifutwe, hadi kwenye bakapu, nao wakuthibitishie kwa maandishi.